Uongo wa karata na ukweli wa fedha

Wiki hii nitazungumza juu ya kamari. Najua wapo kati yenu ambao wakilisikia neno hilo tu, mkono unakwenda kwenye redio kutafuta stesheni nyingine, na siwalaumu. Dini zetu zinaikataza, wazee wetu waliikataza, na mimi mwenyewe sijapata kuweka hata shilingi moja mezani kwa ajili ya karata. Sikuja kumfundisha mtu kucheza. Nimekuja kueleza jambo moja nililolikuta kwa wacheza kamari, jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo, nalo ni adabu.

Ninaposema adabu sina maana ya kuvaa tai na kusema tafadhali. Nina maana ya kanuni za jinsi mtu anavyoishika fedha yake mbele ya wenzake, anavyoitamka, anavyoisogeza, na anavyokubali iende zake ikishakwenda.

Nilijifunza haya kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye amehamia Marekani na anafanya kazi Las Vegas, katika jimbo la Nevada. Huko kamari iliruhusiwa kwa sheria tangu mwaka 1931, na mji mzima umejengwa juu yake. Kazi ya mpwa wangu ni kugawa karata katika ukumbi wa poka. Yeye hachezi, anachanga karata, anagawa, anahesabu dau, na kumkabidhi mshindi haki yake. Nilipokwenda kumtembelea nilimwuliza, kwa sauti ya mjomba mwenye wasiwasi, kazi hiyo ni kazi gani. Akacheka, akasema, "Mjomba, kaa hapa nikuonyeshe." Akaingia jikoni akatoka na mifuko minne: maharage meupe, maharage mekundu, njegere kavu na maharage meusi.

Kwenye kumbi hizo hawachezi kwa noti. Mtu hutoa fedha yake akapewa chipu. Msidhani ni viazi vya kukaanga. Ni visahani vidogo vya duara, vya udongo au plastiki ngumu, na rangi yake ndiyo thamani yake. Katika nyumba nyingi za Marekani nyeupe ni dola 1, nyekundu 5, kijani 25 na nyeusi 100. Basi maharage yetu yalifuata rangi hizo hizo, na njegere zikawa ndizo za kijani.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri. Kisha katikati ya meza hufunuliwa karata tano za wote: kwanza tatu, halafu moja, halafu moja tena. Mwenye mkusanyiko bora wa karata tano ndiye mshindi. Kabla ya karata za katikati kufunuliwa, na kila baada ya kufunuliwa, watu huweka dau kwa zamu. Ikiwa mwenzako ameweka, unaweza kufuata kwa kiasi kile kile, unaweza kupandisha, au unatupa karata zako. Ikiwa hakuna aliyeweka, unaweza kupita. Dau zote huenda katika fungu la katikati, nasi kwa kuwa tulicheza kwa maharage tuliliita chungu. Wenzako wote wakitupa karata, unachukua chungu bila kuonyesha ulicho nacho. Hapo ndipo uongo unapoingia. Mwenye karata mbovu anaweza kuweka dau kubwa na kukaza uso, wengine wakaogopa, naye akala. Wala hakuna atakayemlaumu, maana ndio mchezo.

Nilidhani basi kwamba mahali ambapo uongo umehalalishwa, kila kitu kimehalalishwa. La hasha! Katika dakika kumi za kwanza nilikosea mara tano, na mpwa wangu, pamoja na heshima zote alizonazo kwangu, hakuniachia hata moja.

Kosa la kwanza lilikuwa la mazoea yangu. Nilikuwa namsimulia habari za nyumbani, na kama ilivyo desturi yangu nikisisitiza neno, nikagonga meza kwa vidole. Akasema, "Mjomba, umepita." Nikamwuliza nimepita wapi. Kumbe kugonga meza ni ishara ya kusema napita, na ishara iliyotolewa kwa zamu yako ni sawa na neno. Zamu yangu ikawa imekwenda hivyo, na karata nzuri mkononi.

Kosa la pili, nilichukua gao la njegere nikazirusha chunguni kwa mbwembwe, kama nilivyoona kwenye filamu. Njegere zikatawanyika, nyingine zikaviringika hadi chini ya jiko. Mpwa wangu akainama akaziokota moja moja, kisha akaniuliza, "Ulirusha ngapi?" Sikujua. Akasema ndiyo maana ni mwiko kurusha. Chipu zikishachanganyika na za wenzako hakuna awezaye kuapa kwamba uliweka kiasi ulichosema. Dau huwekwa mbele yako, limepangwa vizuri, mgawaji alihesabu kwa macho, kisha yeye ndiye hulisogeza katikati. Mchezaji mwenye adabu hupanga chipu zake kwa mafungu ya ishirini ishirini, rangi na rangi yake, hata mtu wa upande wa pili wa meza akitupa jicho mara moja anajua mwenzake ana kiasi gani.

Kosa la tatu lilinifundisha zaidi. Mpwa wangu aliweka 20. Nami nikaweka 20, nikamtazama usoni, nikaona kama ana hofu, nikarudi kwenye fungu langu nikaongeza 40. Akazirudisha zile 40 kwangu bila kusema neno, halafu akaeleza. Dau huwekwa kwa mkono mmoja, mara moja. Anayetaka kuweka kwa vipande vipande lazima kwanza atamke kwamba anapandisha, na kwa kiasi gani. Asipotamka, kilichohesabiwa ni kile cha mwanzo tu. Sababu ni kwamba mwenye kusita katikati ya njia anapata nafasi ya kusoma uso wa mwenzake kabla hajajifunga. Anataka kuonja mchuzi kabla hajaulipia. Zile filamu ambamo mtu anasema kwa madaha kwamba amefuata elfu yako, kisha anatulia, kisha anaongeza elfu nyingine, mezani hasa zingesimamishwa palepale.

Kosa la nne ni ndugu yake la tatu. Dau lilikuwa 20 tena, nami nikaweka harage moja jeusi, la 100, nikakaa kimya nikijua nimempandishia. Akanirudishia 80. Kanuni ni kwamba chipu moja kubwa ikiwekwa bila neno, huhesabiwa kuwa umefuata tu, nawe unapewa chenji. Ukitaka iwe imepandisha yote, sema kabla haijagusa meza. Kimya hakipandishi dau.

Kosa la tano naona haya kulisema. Nilikuwa nimeyaficha maharage yangu meusi nyuma ya lundo la meupe, ili mwanangu huyu anione maskini. Hili, aliniambia, ni baya kuliko yote manne. Karata zako ni siri yako, lakini fedha yako si siri. Anayekupa changamoto ana haki ya kujua anahatarisha kiasi gani. Chipu kubwa hukaa mbele au juu, zionekane. Wala huruhusiwi kushinda ukatia sehemu mfukoni. Kilichopo mezani kinabaki mezani mpaka utakapoondoka.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Meza ile ina mambo mawili na haiyachanganyi. Karata zinaruhusiwa kudanganya. Fedha hairuhusiwi. Uso unaweza kusema uongo usiku kucha, lakini mkono unaosogeza chipu lazima useme kweli, na ulimi ukitaja idadi lazima idadi hiyo ilipwe. Waswahili tunasema ahadi ni deni. Kule mezani deni hilo halisubiri kesho.

Ziko na kanuni nyingine za namna hiyo hiyo. Hairuhusiwi kucheza kabla ya zamu yako, kwa sababu neno lako linaweza kumponza aliyekutangulia. Hairuhusiwi kushauriana na jirani, maana kila mkono una mtu mmoja. Katika kumbi nyingi za Marekani, wakati karata zinaendelea, mezani huzungumzwa Kiingereza pekee, ili wawili wasije wakapatana kwa lugha wasiyoijua wengine. Mpwa wangu alinisimulia kwamba siku moja alikaa mezani kwake mteja wa kwetu, akamtambua kwa jina lililoandikwa kifuani, akamsalimu kwa furaha, "Mambo vipi, kaka!" Naye, huku moyo ukimwuma, akamjibu kwa Kiingereza. Hata mgawaji mwenyewe hakuachwa nje ya sheria. Anapoondoka mezani kumpisha mwenzake hupiga kofi jepesi na kugeuza viganja juu na chini, ili watu na kamera waone kwamba hakuondoka na kitu.

Msidhani kanuni hizi zilishuka siku moja. Poka ilienea Marekani katika karne ya 19 kutoka New Orleans, ikipanda na meli za mvuke za mto Mississippi, na katika miji ya wachimba dhahabu watu walikaa mezani na bastola kiunoni. Tarehe 2 Agosti 1876, katika mji wa Deadwood, mtu mashuhuri aliyeitwa Wild Bill Hickok alipigwa risasi kisogoni akiwa anacheza poka. Sisemi aliuawa kwa ajili ya chipu iliyorushwa vibaya. Nasema tu kwamba katika meza kama zile, kutoelewana juu ya nani kaweka nini halikuwa jambo dogo. Kwa muda mrefu kila nyumba ilikuwa na kanuni zake, mpaka mwaka 2001 wasimamizi wa mashindano walipounda chama chao ili kuzilinganisha.

Kipo na kisa kinachopendwa sana na wachezaji. Mwaka 1982, katika mashindano makubwa ya dunia yaliyofanyika Las Vegas, mchezaji aliyeitwa Jack Straus alisukuma chipu zake katikati, akashindwa, akainuka kuondoka. Inasimuliwa kwamba chini ya kitambaa cha karatasi pale alipoketi ikaonekana chipu moja ya 500 iliyosahaulika. Je, nayo ilikuwa imekwenda? Waamuzi wakasema hapana, kwa kuwa hakutamka kwamba anaweka zote. Alisogeza zile tu zilizosogezwa. Akaketi tena na chipu ile moja, na mwisho wa mashindano yeye ndiye aliyekuwa bingwa, akazawadiwa dola 520,000. Neno moja ambalo hakulisema ndilo lililomrudisha kitini.

Lakini kanuni niliyoipenda kuliko zote ni ile ya dau la mezani. Filamu zimetufundisha kwamba tajiri anaweza kuweka milioni, na maskini akalazimika kuweka hati ya nyumba au kuona karata zake zinatupwa. Mezani hasa haiko hivyo. Huwezi kudaiwa zaidi ya kilichokuwa mbele yako karata zilipoanza kugawiwa. Ukiwa na 50, na mwenzako akaweka 500, unaweka 50 zako, na mnashindania kiasi kinacholingana na hicho tu. Wala huruhusiwi kutia mkono mfukoni katikati ya mchezo, hata kama una karata za ajabu. Kama unataka kuongeza, subiri mkono huo uishe. Ukuta huo unamzuia tajiri asimkanyage mnyonge, na unamzuia mnyonge asijikanyage mwenyewe.

Sitaki mtu aondoke akidhani ninawapamba. Nyumba ya kamari hukata sehemu yake katika vyungu vinavyochezwa, anayeshinda na anayeshindwa wote wanailipa, na kwa wengi jioni huishia mifuko mitupu. Isitoshe, chipu zenyewe zina hila: mtu ambaye mkono ungemtetemeka kutoa noti ya 100 husogeza kisahani cheusi kama anayesogeza ganda la karanga. Adabu haimwokoi mtu na hasara. Inachofanya ni kumlazimisha aione inavyotokea.

Na sasa niwaambie kwa nini mpwa wangu alinikalisha kwenye maharage yale usiku mzima. Ana mdogo wake, yuko chuoni hapa nyumbani. Kaka alimtumia shilingi laki sita za ada. Kila senti katika hizo aliipata kwa kugawa karata na kwa bahashishi za wachezaji, amesimamia dau za watu bila kuweka lake hata mara moja. Kijana alizipokea kwenye simu. Hazikufika chuoni. Zilikwenda kwenye mikeka ya mpira, kwenye simu ile ile. Mkeka ulichanika, ukafuata mwingine, nao ukachanika.

"Mjomba," aliniambia, "sikuumia kwa sababu alicheza. Niliumia kwa sababu hakuna aliyemwona. Pale kwangu mlevi akitaka kuweka dola mia, namwuliza kwa sauti, nahesabu mbele ya watu tisa, na kila mtu anajua kilichokwenda. Yeye alikuwa kitandani, amejifunika shuka."

Nimelifikiria sana neno hilo. Tazameni jinsi simu inavyovunja kila kanuni niliyoitaja. Hakuna kutamka, ni kubonyeza. Hakuna lundo linalopungua mbele ya macho. Ni tarakimu tu, nazo hazina uzito mkononi. Kuweka vipande vipande, elfu mbili, kisha elfu mbili, kisha elfu tano, jambo ambalo mezani lingerudishwa palepale, kwenye simu ndiyo njia yenyewe. Na ule ukuta wa dau la mezani haupo. Akiba iko humo humo, ada iko humo humo, na zikiisha, simu hiyo hiyo ina mikopo ya haraka inayosubiri. Meza ya poka ina ukingo. Simu haina.

Niliporudi nilimwita kijana. Akaja, akanipa shikamoo, akaketi akiwa tayari kwa matusi. Sikumtukana. Nilikuwa nimemwandalia kilo ya maharage juu ya meza. Nikamwambia, "Baba, kila harage moja ni elfu mbili. Nihesabie ada yako, kwa sauti." Alianza kwa kutabasamu kidogo. Alipofika sabini alikuwa hatabasamu tena. Alipofika mia na arobaini akasema, "Mjomba, nimeelewa." Nikamwambia amalize. Alimaliza maharage mia tatu, yamejaa meza, na mama yake amesimama mlangoni akisikia kila namba.

Siwezi kuwaambia kwamba amepona. Mambo haya hayaponi kwa siku moja. Ninachoweza kusema ni kwamba ada ya safari hii ililipwa na kaka yake moja kwa moja chuoni, na kwamba kijana amekubali fedha yake ya matumizi aihesabu kila Jumapili mbele ya mama yake, kwa sauti, iliyobaki na iliyokwenda.

Basi, ndugu wasikilizaji, kama una kijana nyumbani anayekesha na simu, usianze na hotuba. Anza na meza. Mwambie aweke fedha pale inapoonekana, ataje kiasi kabla hakijatoka, asirudi mfukoni katikati ya safari, na akishindwa akubali, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Na sisi wazazi tutangulie, kwa sababu wengi wetu nasi tuna maharage meusi tuliyoyaficha nyuma ya meupe.